Risala ya Kikundi cha Piano na Nyuzi kwa Mgeni Rasmi, Usiku wa Muziki Mpya wa Marekani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa kamati ya wazazi,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Ndugu waalikwa, mabibi na mabwana,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za jioni.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kwenye kikundi kidogo kama chetu. Kadi ya mwaliko ilisema utasikia muziki mpya wa chemba kutoka Marekani, na tunajua wapo walioisoma mara mbili. Turuhusu tueleze kidogo kabla ya kufika kwenye maombi, maana risala isiyo na maombi haijawahi kusomwa nchi hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Muziki wa chemba hupigwa na watu wachache, kila mmoja ana sehemu yake peke yake, na hakuna mwongozaji wa kusimama mbele na kijiti. Leo wapigaji ni watatu: piano, fidla na selo, yaani ile fidla kubwa ya sauti nzito. Anayetoa ishara ni pumzi. Ukitazama vizuri, kabla ya sauti ya kwanza utamwona mpiga fidla anainua kidogo shingo ya ala yake na kuvuta hewa puani. Hapo hapo wote watatu wanaingia.

Fidla na selo wapenzi wa taarabu mnazijua. Kazi ipo kwenye kuzipatanisha na piano. Upinde unaweza kuanza na sauti ndogo ukaikuza, lakini piano ni nyundo: ukishagonga, sauti inaanza kufifia na huwezi kuirudisha. Tena mwenye fidla husogeza kidole akaitafuta sauti anayoitaka, ilhali mwenye piano anapokea ile aliyoachiwa na fundi. Tunaowapenda sisi miongoni mwa watunzi wa Marekani ni wale ambao hawajaficha tofauti hiyo.

Tutaanza na Joan Tower, aliyezaliwa jimbo la New York mwaka 1938 na kukulia kwa sehemu Bolivia. Kazi yake ya mwaka 2000, Big Sky, imetokana na kumbukumbu ya utotoni, alipokuwa akimpanda farasi wake katika bonde la La Paz, milima imemzunguka na anga kubwa juu yake. Ni kazi fupi, haikatiki katikati.

Kisha Jennifer Higdon, na hapa tunaomba vijana wasikilize. Mama huyu alijifundisha filimbi akiwa na miaka 15, akaanza kusomea muziki rasmi akiwa na miaka 18, umri ambao wengi huambiwa wamechelewa. Mwaka 2010 alipata Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya Marekani. Trio yake, yaani kazi ya wapigaji watatu, ya mwaka 2003 ina sehemu mbili zilizopewa majina ya rangi: njano iliyopauka, halafu nyekundu ya moto. Ya pili imewatoa jasho wenzetu.

Tutamalizia na Café Music ya Paul Schoenfield, na hii haihitaji utetezi. Mwaka 1985 Schoenfield alikaa kwenye piano usiku mmoja katika mgahawa wa Murray's, mjini Minneapolis, kumshikia nafasi mpigaji wa pale. Akatoka na wazo la kutunga muziki wa kupigia watu wanaokula, lakini ulio mzuri kiasi cha kuingia, kwa kujipenyeza, kwenye ukumbi wa maonesho. Ndani yake mna miondoko ya zamani ya Marekani, mna mtindo wa Vienna, mna wa Broadway, mtaa wa maigizo ya muziki New York, na katika sehemu ya pili mna wimbo wa Kiyahudi uliotulia kabisa. Halafu sehemu ya tatu inakimbia kama daladala lililopewa nafasi barabarani. Wapo wataalamu wanaouona muziki huu mwepesi. Sisi tunaona kuchekesha kwa mikono sita na vidole vya watu watatu ni kazi ngumu kuliko kununa.

Tulitamani pia kukuletea Piano and String Quartet ya Morton Feldman, ya mwaka 1985. Piano inadondosha sauti chache, ala nne za nyuzi zinajibu polepole, yote kwa upole mno. Lakini inachukua karibu dakika 80, na kamati ya chakula ilikataa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Muziki wa aina hii hauna tiketi za kuujaza uwanja. Huko Marekani umeishi kwa sababu kuna watu na taasisi zinazoagiza utunzi na kuulipia. Elizabeth Sprague Coolidge, mwenyewe mpiga piano, aliipa Maktaba ya Bunge mjini Washington fedha za kujenga ukumbi wa viti takriban 500, uliofunguliwa mwaka 1925, akaacha na mfuko wa kuwalipa watunzi. Café Music nayo iliagizwa na okestra ya Saint Paul.

Changamoto zetu ni hizi. Nota za kazi hizi zina haki miliki na huuzwa kwa dola; kuzidurufu ni kula jasho la mwenzako, na hatutaki. Hewa ya chumvi inaharibu piano yetu, na fundi wa kuityuni hutoka mbali. Nyuzi za selo zikikatika tunaagiza nje.

Tunaomba utusaidie nota na gharama za fundi. Na ombi kubwa kuliko yote: mwagizie mtunzi mmoja wa hapa kwetu kazi mpya ya piano, fidla na selo, umlipe, nasi tutaipiga mara ya kwanza mbele yako, katika ukumbi huu.

Tunaomba kuwasilisha.