Kabla droni mpya haijaruka, upimwe urefu wa kilima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wanaonunua droni za kamera huku Nyanda za Juu Kusini, na zaidi niseme na wanaowauzia. Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Kazi yangu yote ilikuwa kujibu swali moja: mahali hapa pako juu ya pale kwa mita ngapi? Ndiyo maana roho inaniuma nikiona kijana ametumia fedha za mavuno ya viazi kununua chombo kinachoruka, halafu anakirusha bila mtu yeyote kumuuliza swali hilo.

Vijana hawa nawaheshimu. Wanapiga picha za harusi na vipaimara, wanapigia wakulima picha za mashamba, wengine wanaonyesha mto uliofurika au barabara iliyokatika kabla mtu hajafika kwa miguu. Ni kazi halali na ina faida kwa mkoa. Lakini duka moja hapa mjini nimelisikia kwa masikio yangu likimwambia mnunuzi: "Imeshasetiwa, wewe nenda karushe tu." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Droni haiwezi kusetiwa dukani ikawa tayari kwa milima ambayo muuzaji hajui iko wapi.

Nieleze. Karibu kila droni ya kamera inayouzwa siku hizi ina uwezo wa kurudi yenyewe mahali iliporukia. Ikipoteza mawasiliano na rimoti, au betri ikikaribia kwisha, inapanda hadi kimo fulani kilichowekwa ndani ya programu, inanyoosha njia hadi juu ya pale ilipoanzia, kisha inashuka. Kimo hicho huja kimewekwa na kiwanda, na mara nyingi ni makumi kadhaa tu ya mita, yanayotosha kupita juu ya nyumba na miti ya kawaida. Kwa mtu aliye katika mashamba ya mpunga ya Mbarali, kule Usangu kulikonyooka, huenda kikamtosha. Kwa mtu wa Uporoto, Makete au Ludewa, hakitoshi hata kidogo.

Jambo la pili, ambalo wengi hawaambiwi, ni kwamba namba ya kimo inayoonekana kwenye kioo cha simu haitokani na ardhi iliyo chini ya droni kwa wakati huo. Droni hupima mgandamizo wa hewa, na pale iliporukia ndipo inapopaita sifuri. Chukua mteremko wa kawaida kabisa wa kwetu, unaopanda mita moja kwa kila mita tano za kwenda mbele. Ukirusha droni ikapanda mita mia moja, kisha ukaielekeza mlimani, ikifika mita mia tano mbele yako ardhi nayo imepanda mita mia moja. Kioo bado kinasoma mia moja, huku droni inafagia majani. Ongeza mikaratusi juu ya kilima hicho na huna tena droni.

Na kuna la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote. Mawimbi ya rimoti hunyooka. Hayapindi kufuata kilima. Kwa hiyo huku kwetu mawasiliano hukatika hasa droni inapopita nyuma ya tuta la mlima, na papo hapo ndipo inapoamua kurudi yenyewe. Kilima kilichokata mawasiliano ndicho hicho hicho kilichosimama kati yake na nyumbani, yaani pale iliporukia. Isipopanda juu ya kilima, itakipiga. Mtu wa tambarare akipoteza mawasiliano, mara nyingi ni kwa sababu droni imekwenda mbali mno, na njia ya kurudi ni nyeupe. Sisi tunapoteza mawasiliano ikiwa karibu, na njia imezibwa. Maelezo yaliyo ndani ya boksi hayakuandikwa na mtu aliyekuwa akiutazama mlima Loleza.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu yalimkuta haya. Alikodiwa kupiga picha za mashamba ya viazi upande wa Uporoto. Droni ilikuwa mpya, ametoka nayo dukani. Alisimama bondeni, akaipeleka juu ya mashamba, ikapita ng'ambo ya tuta na kushuka, picha zikaganda kwenye simu, na haikurudi. Alinijia akiomba nimsaidie kukisia ilikoangukia. Tulifungua mipangilio kwenye simu yake: kimo cha kurudi kilikuwa mita 30. Tukafungua ramani yenye mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye kimo kimoja: tuta lile lilikuwa zaidi ya mita 60 juu ya alipokuwa amesimama. Tukachora mstari mnyoofu kutoka mahali picha ilipoganda hadi aliposimama, na droni ikapatikana karibu na mstari huo, upande wa nyuma wa tuta, mkono mmoja umevunjika. Hakuna upepo ulioiangusha wala ndege aliyeigonga. Ilitii namba iliyokuwa imewekwa.

Sasa, mtu aipate vipi namba iliyo sahihi? Mwenye ramani za 1:50,000 za Wizara ya Ardhi, au ramani ya simu inayoonyesha kontua, asome kimo cha aliposimama na kimo cha tuta refu kuliko yote lililo ndani ya eneo atakalorusha, atoe kimo kidogo kwenye kimo kikubwa, kisha aongeze mita 40 kwa ajili ya miti na makosa ya vipimo. Asiye na ramani anaweza kuitumia droni yenyewe, na hapa ndipo ninapofurahi, maana ni kanuni ile ile ya darubini ya kusawazishia tuliyoibeba mabegani miaka yote. Ipandishe wima juu ya kichwa chako, bila kuipeleka popote. Weka kamera itazame mbele, isiinamie chini wala kutazama juu, iwe kwenye digrii sifuri kamili. Washa mistari ya gridi ili ujue katikati ya picha ni wapi. Geuza droni polepole itazame vilima pande zote. Kilima ambacho kilele chake kiko juu ya mstari wa katikati kiko juu ya droni. Kilicho chini ya mstari kiko chini yake. Endelea kuipandisha hadi kilele cha tuta unalolihofia kikae sawasawa kwenye mstari, halafu soma kimo kwenye kioo. Hicho ndicho kimo cha tuta kutoka ulipo. Ongeza mita 40 zako na uandike namba hiyo kwenye mipangilio ya kurudi nyumbani.

Kama umefika mita 80 juu ya ardhi na kilele bado kiko juu ya mstari, simama hapo, maana ukiongeza zile mita 40 utavuka mita 120. Mita 120, yaani futi 400, ndio mwisho wa kawaida wa droni ndogo, na juu ya hapo ni njia ya ndege zenye watu. Kilima hicho usipeleke droni nyuma yake. Tafuta mahali pengine pa kusimama, au panda kilima hicho wewe mwenyewe kwa miguu.

Mengine ya maandalizi nitayapitia kwa haraka, maana wengi wanayajua. Betri mpya nyingi huja zimelala na haziwaki mpaka zichomekwe kwenye chaja. Zijaze zote pamoja na rimoti. Zipo droni zisizoruka hadi ziunganishwe na intaneti kwa mara ya kwanza, na karibu zote hudai kusasishwa programu zake, kwa hiyo bando litumike mjini, usingoje ufike kijijini ambako mtandao unasuasua. Kifuniko kinachoshika kamera kiondolewe kabla ya kuwasha, la sivyo vimota vyake vinahangaika bure. Mapanga yanayozunguka kuinua droni yana alama: yenye alama huenda kwenye mota zenye alama, na ukiyakosea droni inapinduka palepale chini. Memori kadi ifomatiwe ndani ya droni yenyewe.

Kwenye dira nitakaa kidogo. Programu ikikuomba kuirekebisha dira, usifanye hivyo juu ya paa la zege lenye nondo, wala kando ya gari, wala chini ya bati, na simu nyingine na funguo ziwekwe mbali. Hayo yamo kwenye maelezo. Lisilosemwa kwa uzito ni kwamba Rungwe na sehemu nyingine za Mbeya ni nchi ya volkano, na mawe yake meusi yana madini ya chuma yanayovuta sindano ya dira. Sisi wapima ardhi tulijua kutoiamini dira ukiwa umesimama juu ya mwamba wa namna ile, kama ilivyo kule Kiwira na Daraja la Mungu. Droni nayo ina dira. Sogea kwenye udongo au majani, mbali na mwamba, ndipo uirekebishe.

Kisha subiri setilaiti. Vijana hawana subira hapa. Katika bonde lenye kuta za milima anga inayoonekana ni ndogo, na droni huchukua muda zaidi kuzipata setilaiti za kutosha. Ikiruka kabla ya hapo, inaweza kuweka alama ya nyumbani baadaye, ikiwa tayari iko angani juu ya bati la mtu, na huko ndiko itakakorudi. Ngoja mpaka programu iseme nyumbani pamewekwa, na utazame kwenye ramani kama kweli ni pale uliposimama.

Hewa yetu nayo ni nyepesi. Mbeya mjini, kwenye takriban mita 1,700, ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, na juu ya Kitulo, penye mita 2,600, kwa zaidi ya asilimia 20. Mapanga hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kubeba uzito ule ule, na betri huisha mapema. Dakika zilizoandikwa kwenye boksi msizihesabu. Mwezi wa Juni na Julai, asubuhi ya baridi ya Uyole, Makete au Njombe, betri ikae ndani ya koti hadi wakati wa kuruka, na droni ielee kidogo karibu na ardhi kwanza ipate joto. Tahadhari ya betri kupungua iwekwe juu zaidi ya ilivyotoka kiwandani, kwa sababu pepo za juu ya matuta ni kali kuliko za bondeni, na mara nyingi unaporudi ndipo unapokutana nazo. Ukungu ukionekana unashuka, usirushe kabisa.

Na kabla ya yote hayo kuna sheria. Droni husajiliwa na kupewa kibali na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, chini ya kanuni za droni, na ridhaa ya wizara ya ulinzi inahitajika. Ndani ya hifadhi kama Kitulo na Ruaha unahitaji ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, pia, hata kama maua ya Kitulo yamechanua na moyo unakusukuma. Kaeni mbali na viwanja vya ndege vya Songwe na Nduli. Maombi yaanze mapema, betri ikiwa bado haijatoka kwenye mfuko, kwa sababu ni sehemu ya maandalizi kama yalivyo mapanga.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo. Mteja asitoke dukani kabla hamjamuuliza atarushia wapi, na kabla hamjamfungulia ule ukurasa wa kimo cha kurudi nyumbani akauona kwa macho yake na kuibadilisha namba kwa mkono wake. Mwambieni pia aujaribu uwezo huo wa droni kurudi yenyewe hali ikiwa shwari: uwanja mtupu, droni ikiwa mita hamsini kutoka kwake, mkono uko kwenye rimoti tayari kuisimamisha. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia hapa Mbeya kingeweza kuwafundisha vijana hawa kusoma kontua kwa siku moja ya Jumamosi, na naamini wangejaa.

Mimi niko tayari kumchorea mwenye duka yeyote wa Mbeya, Mafinga au Makambako karatasi moja ya kubandika ukutani, yenye picha ya mteremko, tuta, mstari wa kamera na namba inayotafutwa. Sitaki malipo. Anwani yangu mhariri anayo.

Mpima ardhi mstaafu,
Uyole, Mbeya