Nyota ya Mrusi ina namba, ya babu yangu haina hata jina

Mheshimiwa Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo la medali za wazee nimelibeba karibu mwaka mzima sasa, na hapa nyumbani Kizota wameshachoka kunisikiliza.

Mjomba wangu alisoma Moscow, aliondoka hapa nyumbani Usovieti ikiwa bado Usovieti akarudi 1993 ikiwa imeshavunjika. Alirudi na vitabu vyake vya mambo ya maji, koti zito ambalo hata ule upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba hauhitaji koti kama lile, na nyota moja nyekundu aliyoinunua mtaani kwa mzee mmoja. Alikuwa anatuambia siku zile wazee wa kule hali ilikuwa mbaya sana, pensheni hainunui kitu, mtu anatandika kitambaa chini anapanga vikombe, saa, na medali zake za vita. Mjomba aliinunua kwa huruma tu, akaitupia kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na vifungo na misumari, tumekua tunaichezea. Alipofariki mimi nikaomba hilo kopo.

Siku moja nikaigeuza. Nyuma ina skrubu na nati ya kubania kwenye nguo, na pembeni imechongwa namba ya tarakimu sita. Nimefundisha historia miaka 31 na sikuwahi kujua kwamba hiyo namba ni mlango.

Iko hivi. Hiyo ni nishani ya Nyota Nyekundu, Wasovieti waliianzisha 1930, ni ya fedha, katikati kuna askari kashika bunduki na kumzunguka yale maneno ya wafanyakazi wa nchi zote unganeni. Kila moja ilipewa namba yake, na namba hiyo iliandikwa kwenye kitabu kidogo alichokuwa nacho mwenyewe na kwenye kadi yake iliyobaki serikalini. Kadi zile na makaratasi ya Vita ya Pili ya Dunia yako kwenye hifadhi kubwa ya wizara yao ya ulinzi mji wa Podolsk, kusini ya Moscow. Ukiwa na namba unaweza kumfikia mtu, na ukishampata mtu unatafuta karatasi ambayo kamanda wake aliijaza kumuombea nishani, na hapo ndo kuna utamu wenyewe, maana ile fomu ina jina, mwaka wa kuzaliwa, kabila, kaingia jeshini lini na kaandikishwa wapi, kajeruhiwa mara ngapi, alafu chini kuna sehemu kamanda anaeleza kwa maneno yake huyu mtu alifanya nini hasa. Juu yake wakubwa wanasaini kukubali au kupunguza. Kuanzia 2010 Warusi walianza kuziweka hizo karatasi mtandaoni bure kabisa, mamilioni kwa mamilioni, mtu yeyote anasoma.

Ilinichukua miezi minane. Kuna mzee mwenzake mjomba aliyesoma naye kule, Kirusi bado anakijua, yeye ndo alinisaidia kuandika na kutafsiri. Jina la mwenye nyota silitaji hapa kwa sababu inawezekana ana wajukuu na hawajaniruhusu. Hakuwa Mrusi, alikuwa Mkazaki, kazaliwa 1919, dereva wa lori. Mwaka 1943 kwenye kuvuka mto Dnieper alikuwa anapeleka makombora kwa wapiga mizinga, lori likapigwa nyuma likaanza kuwaka, na lori lenye makombora likiwaka mtu yeyote mwenye akili anaruka anakimbia, yeye akavua koti lake la jeshi akaanza kuzima moto kwa koti, akarudi kwenye usukani mikono imeungua akafikisha mzigo, na kesho yake akaenda tena. Kamanda alimuombea nishani kubwa zaidi ya Bendera Nyekundu, mkubwa mmoja akaikata kwa kalamu akaandika Nyota Nyekundu inatosha. Nilivyofika hapo nilikasirika kama vile namjua huyo dereva.

Sasa wapo watakaosema nyota ni nyota, inajieleza yenyewe. Haijielezi. Kuanzia 1944 mpaka 1957 nishani hiyo hiyo ilitolewa pia kwa mtu kutimiza miaka 15 jeshini tu, kwahiyo ukizishika mbili mkononi moja inaweza kuwa ya aliyeungua mikono na nyingine ya aliyekaa stoo kwa utulivu, zote zinang'aa sawa. Na ile ya Vita vya Kizalendo iliyoanzishwa 1942, mwaka 1985 walipoadhimisha miaka 40 ya ushindi waliigawa kwa maveterani wote waliokuwa hai. Siwadharau, wote walitumika, ila tofauti yake huioni kwenye chuma, unaiona kwenye karatasi. Bila hizo karatasi nani angemjua leo Nina Petrova? Huyu mama alizaliwa 1893, yaani vita inaanza kule 1941 yeye tayari ni mtu mzima wa kukaa na wajukuu, akaenda kuwa mdunguaji, akapata nishani ya Utukufu madaraja yote matatu, nishani ambayo ilikuwa ya askari wa kawaida na masajenti, na katika wanawake ni wanne tu waliowahi kuzipata zote tatu. Alifariki tarehe 1 Mei 1945, wiki moja tu kabla ya ushindi wenyewe.

Baada ya kumaliza ya Mkazaki nikarudi kwenye kabati la marehemu mama, maana babu yetu mzaa mama, mtu wa Mpwapwa, alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, lile jeshi la Mwingereza la Waafrika wa huku, alipelekwa Burma, Myanmar ya leo. Medali zake zipo, ile nyota ya shaba ya Burma yenye utepe wa bluu na mstari mwekundu katikati, na nyingine mbili. Nikazigeuza moja moja kwa hamu. Hakuna kitu. Hakuna namba, hakuna jina. Nikaja kujua kwamba medali za Mwingereza za vita ile ya kwanza zilichongwa majina pembeni, ila hizi za vita ya pili walizozigawa kwa kila aliyekuwepo, zile nyota hasa, nyingi zilitoka bila jina la mtu. Kwahiyo dereva wa Kikazaki ambaye sina undugu naye najua mpaka koti lake lilivyoungua, na babu aliyenibeba mgongoni kwenda kisimani sijui hata alikuwa kombania gani.

Alafu kuna hili neno. Babu akikaa jioni na wazee wenzake alikuwa anasema "tulipofika Kalewa". Mvua, matope, kalewa. Sisi watoto tunacheka mpaka tunaanguka, tunamuuliza babu nani kalewa? Babu alikuwa anatuangalia tu, anazima kiko, anaingia ndani. Kwa miaka mingi familia nzima tuliamini mzee alikuwa anaongelea mtu mlevi. Mwaka jana natafuta habari za Burma naona kwenye ramani, Kalewa ni mji, uko kwenye mto Chindwin. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 mvua za masika za kule zikinyesha, bonde limejaa malaria, mpaka wakafika Kalewa mwezi Disemba, pakajengwa daraja la vyuma la zaidi ya mita 350 jeshi likavuka. Babu alikuwa anatuambia alipokuwa. Nililia mhariri, mtu mzima na mvi zangu.

Ndo maana naandika. Jeshi la Mwingereza halikumwandikia babu stori yake mahali ambapo mimi naweza kuifikia, karatasi pekee iliyokuwepo ni mdomo wake na sisi tuliucheka. Lakini waliopigana Kagera wengi bado tunao, hapa hapa Dodoma, Kongwa, Bahi, Kondoa, na kwa jirani zetu Manyoni, wanauza vocha, wanachunga, wanasali nasi jumapili. Kijana wa miaka 20 aliyeingia Kampala Aprili 1979 leo anaelekea 70. Tarehe 25 Julai siku ya Mashujaa wanavaa medali zao tunapiga nao picha, picha inaenda kwenye status, ila ni wangapi tumewahi kumuuliza mzee hii ulipewa kwa lipi, ulikuwa wapi, nani alikuwa kulia kwako? Na Kongwa kuna bibi na babu waliowapikia na kuishi jirani na wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji na ANC ya Afrika Kusini kambini kuanzia miaka ya 60, baadhi ya wale vijana walikuwa wametoka mafunzoni Odessa huko huko Usovieti, nao hakuna anayewarekodi.

Ombi langu mhariri, fungueni kona moja kwa wiki, hata nusu safu. Mtu alete picha ya medali mbele na nyuma, jina la mzee, kijiji, mwaka, na maneno yake kama alivyoyasema, hata yale yasiyoeleweka, hasa yale yasiyoeleweka, msiyasahihishe. Mimi najitolea kuzisoma na kuzipanga bila malipo. Na kwa yule kijana aliyeona picha ya ile nyota akanipigia kutaka kuinunua laki moja na nusu, mwanangu nimekuelewa ila haiuzwi, nimeanza kutafuta ndugu za yule dereva huko Kazakhstan na nikiwapata itarudi kwao.

Mwisho, kama kuna msomaji yeyote ambaye babu yake naye alikuwa akitaja Kalewa, tafadhali aandike kupitia gazeti hili. Labda walikuwa pamoja.

Mwalimu mstaafu,
Kizota, Dodoma