Barua kwa mwanangu anayetaka kuchukua fomu

Makorora, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Huku hatujambo, bibi yako anakutaja kila akisali. Baba yako mdogo ameniletea habari kwamba unataka kugombea udiwani 2030. Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Watu watasema umeponzwa na wanasiasa wa kwenye simu. Mimi najua ilikoanzia. Ulikuwa kidato cha tatu, wasichana mkawa mnarudi nyumbani saa za masomo kwa kuwa vyooni hakuna maji. Mliandika barua, ikakaa. Mkaandika nyingine, mkaipeleka wenyewe mpaka kwa diwani, na wewe ukagoma kuondoka mpaka isainiwe kwamba imepokelewa. Kelele tunazo sote, hasa sisi wa soko la Mgandini, lakini mtoto kudai sahihi, hilo sikuwahi kuliona. Nikajua siku moja utataka kukaa kwenye kile kiti.

Ila mkumbuke Bibi Titi Mohamed. Darasa la nne tu, tena alijulikana kwanza kwa kuimba kwenye ngoma. Mwaka 1955 John Hatch, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, aliuliza wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru, wako wapi, na Titi ndiye akapewa kuwaongoza. Hakuitisha semina. Aliwafuata wanawake kulekule kwenye vikundi vyao vya ngoma, wakaingia chamani kwa wingi. Baada ya uhuru akawa mbunge na waziri mdogo. Mwaka 1965, Rufiji ikamnyima kura. Yeye, Titi! Aliyekupigia makofi uwanjani hana deni la kura kwako, mwanangu, na hilo wanaharakati wengi hulijua siku ya matokeo.

Jirani zetu Kenya, Wangari Maathai alianza kuhimiza watu kupanda miti 1977. Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo kikuu ili agombee, akazuiwa, na kazi yenyewe hakurudishiwa. Akagombea urais 1997, akashindwa. Bungeni aliingia 2002. Hesabu mwenyewe.

Umri si tatizo, sheria inataka miaka 21. Tatizo ni kwamba kwetu hakuna mgombea binafsi. Mchungaji Mtikila alishinda kesi hiyo kwenye Mahakama ya Afrika pale Arusha, 2013, lakini mlango bado ni chama. Kwa hiyo utapita kwa wajumbe wa chama wanaopiga kura za maoni, na msemo wa mjini unaujua: wajumbe si watu. Takrima, ule ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, nayo Mahakama Kuu iliikataa 2006. Bahasha hazijapata habari.

Ningekuwa wewe ningeanza na uenyekiti wa mtaa, 2029. Najua utaona ni kudogo. Lakini mtaro wetu ukiziba wakati wa masika, watu humgongea mwenyekiti usiku wa manane, hawaendi kwa mbunge. Na siku ya kusoma mapato na matumizi, wewe ndiye utakayesimama mbele yao, na huenda akatokea binti wa kidato cha tatu anayetaka sahihi yako. Uone kama utaitoa bila kununa.

Kuhusu fedha: kikoba kikivunjwa Desemba, nauli na gharama za fomu ni juu yangu. Kiwanja cha Pongwe hakiuzwi. Baba yako amekubali haraka mno, kwa hiyo akikuahidi kitu pembeni, usimsikilize.

Mama yako