Msitulaumu walaji, samaki wenyewe hawafiki sokoni

Mhariri,

Makala yenu ya kutuhimiza tule samaki wasiozoeleka imenilazimisha kushika kalamu, mimi niliyewasoma miaka yote bila kuwaandikia neno. Lengo naliunga mkono. Ninachokataa ni mlaji kubebeshwa lawama yote, eti tunachagua sana.

Mimi nimeshajaribu. Juzi nilimwona samaki pembeni ya barafu, kichwa kikubwa, ngozi ya madoadoa, macho maangavu na matamvua mekundu, yaani mbichi kuliko wote waliokuwa mezani. Nikauliza bei. Muuzaji akamsukuma kando kwa kisu, akaniambia huyo ni chambo, nitazame minofu. Jina lake hakulijua, wala kama ana miiba mingi. Nilipong'ang'ania ndipo akanifungia, bila hata kumpara magamba. Nilimkaanga, nyama nyeupe, imeshikana vizuri, watoto wakagombania mkia. Sasa hapo aliyechagua ni nani?

Tena huyo angalau alifika nchi kavu. FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ilikadiria mwaka 2019 kwamba tani milioni 9 hivi za samaki na viumbe wengine wa baharini hutupwa majini kila mwaka baada ya kuvuliwa, wengi wakiwa wameshakufa, na meli zinazokokota nyavu chini zikisaka kamba ni miongoni mwa watupaji wakubwa. Hao nitawapikaje? Norwei ilianza kukataza utupaji wa baadhi ya samaki mwaka 1987, na Umoja wa Ulaya ukaweka katazo lake hatua kwa hatua kati ya 2015 na 2019. Mwandishi wenu hakuligusa hilo hata kwa sentensi moja.

Na wale wanaosagwa unga je? Mamilioni ya tani za samaki wadogo, wengi wao wanaofaa kabisa kuliwa na binadamu, huenda kulisha samaki wa kufugwa na mifugo, kisha tunaambiwa ufujaji uko jikoni kwetu!

Wauzaji wamweke samaki asiyezoeleka katikati ya meza, pamoja na kibao: jina lake, amevuliwa wapi, kwa wavu gani, na huchukua miaka mingapi kuzaa, maana orange roughy, samaki wa kilindi cha bahari, huishi zaidi ya miaka 100 na huchelewa sana kuzaa, na alipopendwa tu akavuliwa kupita kiasi. Pembeni wakaange kipande cha kuonja. Nanyi chapisheni kila wiki pishi la samaki mmoja wa namna hiyo, mkieleza na jinsi ya kumtoa miiba.

Msomaji wenu wa siku nyingi