Hata mimi sikuwa na dalili

Rafiki yangu wa chanda na pete,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na zote mbili nimekwama pale uliposema, kuhusu kupima magonjwa ya zinaa, "Sina dalili yoyote, nikapime nini?" Nakujibu hapo tu, mengine yatasubiri.

Hata mimi sikuwa na dalili. Si uchafu, si muwasho, wala mkojo kuchoma. Nilikwenda kwa sababu mimi na mwenzangu tulikubaliana kupima kabla ya kuacha kondomu. Majibu yakatoka: klamidia. Nilishika ile karatasi nikijiuliza niliipata lini, na hadi leo sijui. Wanawake wengi wenye klamidia hawahisi kitu, na wanaume wengi vilevile. Yenyewe huku inaweza kupanda kimyakimya hadi kwenye mirija ya uzazi ya mwanamke na kuacha makovu, na makovu hayo yanaweza kumfanya mtu ahangaikie mtoto miaka asipate, au mimba itunge nje ya kizazi. Kisonono nacho kwa wanawake mara nyingi hujificha hivyohivyo. Inayonitisha zaidi ni kaswende. Kidonda chake cha kwanza kwa kawaida hakiumi, na baada ya wiki chache hupotea chenyewe. Mtu anashukuru amepona, kumbe ugonjwa umo mwilini, na akiwa mjamzito unaweza kumfikia mtoto tumboni.

Najua unaogopa kuvuliwa nguo. Mimi nilipewa kijiti chenye pamba nchani, nikaingia msalani peke yangu, nikakizungusha ukeni kwa sekunde kadhaa, nikakitia kwenye kichupa, nikakivunja penye alama na kufunga kifuniko. Basi. Mwenzako atatoa mkojo. Mwambie asiende haja ndogo kwa muda wa saa moja kabla, na akinge ule wa mwanzo kabisa. Damu ni ya kaswende, VVU na homa ya ini B.

Lakini vipimo unavyotaka vitaje kwa majina. Miaka miwili mimi nilijihesabu salama kwa karatasi ya VVU peke yake, kwa kuwa nilisema "nataka kupima" na sikuuliza wanapima nini. Na wakikuuliza mara ya mwisho ulikutana na mtu lini, sema kweli. Klamidia na kisonono huhitaji kama wiki mbili ndipo kipimo kiaminike. VVU na kaswende, pengine hadi miezi mitatu. Ukiona dalili, hapo usisubiri chochote.

Matibabu yangu yalikuwa vidonge vya siku saba. Kaswende changa hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Kilichoniwia kizito ni kumwambia mwenzangu. Nilimwambia jioni ileile, kabla sijameza kidonge cha kwanza, maana ningetibiwa peke yangu angeweza kuniambukiza upya. Alinyamaza kitambo, akiizungusha ile karatasi mezani, kisha akauliza kliniki inafunguliwa saa ngapi. Tulitibiwa pamoja, na baada ya miezi mitatu nikarudia kipimo. Hakikuonyesha kitu.

Jumamosi sina kazi. Ukitaka nikusindikize, nitakaa kwenye benchi nje hadi utoke. Niandikie saa tu.

Ni mimi,
mwandani wako