Njia mpya ya mazoezi: mmehesabu vivuli, watu wenyewe hamkuwauliza

Ndugu Mhariri,

Miaka kumi na kitu nasoma gazeti lako na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Hata ile wiki mliporudia chemshabongo ileile ya wiki iliyotangulia nilinyamaza, nikajaza tena. Lakini ile ripoti yenu ya juzi kuhusu njia ya mazoezi iliyokarabatiwa imenishinda. Eti watu wamehamasika, eti wanaopita wameongezeka kuliko ilivyotarajiwa, na picha ya injinia kavaa kofia ngumu anacheka. Haya, hongera.

Hiyo idadi imetoka wapi lakini? Imetoka kwenye kile kinguzo cha chuma pale mwanzo wa njia, kina kijicho cheusi usawa wa kiuno, ukikatiza mbele yake kinaandika mmoja, ukirudi kinaandika mwingine. Mi naenda na kurudi, na siku goti likiamka vizuri nazunguka mara mbili, kwa hiyo kwa hesabu yenu mimi peke yangu ni watu wanne. Yule kijana anayekimbia alfajiri, aliyekuwa akikimbia hapohapo hata enzi za matope, naye yumo. Sasa hapo nani kaanza mazoezi? Kijicho kinajua kama mtu kainuka kwenye kochi au kahama tu kutoka njia nyingine? Hakijui, na mwandishi wenu hakuuliza.

Msinielewe vibaya, sipingi njia nzuri. Kule Uingereza watafiti waliwafuatilia watu wa Cardiff, Southampton na Kenilworth baada ya kujengewa njia za miguu na baiskeli, majibu yakatoka 2014. Mwaka wa kwanza kukaa karibu na njia hakukuleta tofauti. Mwaka wa pili ndo ikaonekana: kwa kila kilomita moja mtu anayokaa karibu zaidi, kulikuwa na nyongeza ya kama dakika 15 kwa wiki za kutembea na kuendesha baiskeli, na wasio na gari ndio walioongeza zaidi. Miaka miwili, mhariri! Nyie mmeshangilia hata rangi ya mistari haijakauka. Na hizo dakika 15 si haba, ila Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na lenyewe linasema mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani walikuwa hawafiki hata hapo chini. Mimi ni mmoja wao kwa wiki mbili sasa, na sababu ni hiyohiyo njia yenu.

Ngoja nikwambie. Daktari aliniambia nusu saa kwa siku, siku tano, nami nikatii. Njia ya zamani ilikuwa udongo na madimbwi, na pale kwenye mteremko kulikuwa na mizizi imejitokeza kama mishipa ya mkono wa mzee, kila baiskeli ikifika pale lazima ipunguze mwendo. Yaani mizizi ndiyo ilikuwa trafiki wetu na hakuna aliyewahi kugongwa. Wakaja wakaing'oa, wakamwaga lami laini nyeusi, wakachora mstari mmoja mweupe katikati, wakaondoka. Alhamisi jioni mwanga umeanza kufifia, taa hakuna (nguzo za taa zipo, taa ndo hakuna), nashuka zangu taratibu, jamaa anatoka nyuma amechomeka vidude masikioni, kengele hana, naye hakupiga hata mluzi. Nikasikia upepo tu, halafu usukani ukanipata kwenye kiwiko, simu ikaruka ikaingia kwenye ule mtaro mpya usio na mfuniko, nami nikaifuata, nikajikuta nimekaa kitako kwenye maji machafu mguu mmoja juu kama kuku aliyefungwa tayari kwa safari. Na yeye badala ya kusema pole anapiga kelele huku anaenda zake, "Mzee si ukae upande wako!" Upande upi? Nimerudi kuangalia mchana, mchoro wa baiskeli upo kushoto na upo kulia, mchoro wa mtu haupo popote, njia nzima haizidi hatua zangu nne kwa upana, sasa upande wangu ni upi kama sio huohuo mtaro niliokaa? Jirani yangu mama mmoja niliyekuwa natembea naye, aliposikia habari hii akasema yeye basi, anazunguka ukumbini kwake kama mfungwa. Huyo kijicho hakimhesabu. Kinahesabu waliopo, hakina habari na waliokimbizwa.

Halafu kuna hawa wa magari, na hapa ndo nashindwa kabisa kuelewa binadamu. Mtu anawasha gari aje kutembea! Analipaki juu ya ule mteremko mdogo wa kupandishia kiti cha magurudumu, anatembea mita mia, anajipiga picha, anarudi kwenye kiyoyozi chake. Na walewale wasio na gari wanakaa ng'ambo ya barabara kuu, njia wanaiona kwa macho lakini kuvuka ni kukimbia kama swala, maana kivuko hakimo kwenye mchoro. Niliuliza, nikaambiwa barabara kuu ni idara nyingine.

Mapendekezo yangu ni haya. Injinia aje siku ya Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni, bila kofia ngumu, goti moja wamfunge bandeji asilikunje, mkononi abebe mfuko wenye uzito, ashuke ule mteremko mwanzo hadi mwisho na asigeuke nyuma. Akifika chini akiwa mkavu, nitanyamaza miaka kumi mingine. Asipofika, basi waweke benchi kila hatua mia tatu, taa ziwake, mtaro ufunikwe, watu wa miguu wapewe upande wao. Au kama bajeti imeisha, warudishe mizizi. Sitanii. Minne tu inatosha, na nakumbuka kila mmoja ulikuwa wapi, niko tayari kwenda kuwaonyesha.

Na kwenye ile idadi yenu mtoe kumi na moja. Mjukuu wangu aligundua kijicho kinapepesa kitaa chekundu kila akikatiza mbele yake, na hadi namaliza kufunga kamba za viatu alikuwa ameshakatiza mara kumi na moja.

Ni mimi,
Mtembea kwa miguu (kwa sasa nimekaa)