Mawakili watusaidie kabla siku 30 za rufani hazijapita

Ndugu Mhariri,

Kwa miaka mingi nilikuwa karani katika mahakama ya wilaya, na kazi yangu ilikuwa kupokea nyaraka, kuzigonga mhuri na kuzipeleka kwa hakimu. Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi mawakili wa nchi hii wajitolee sehemu ya muda wao kwa watu wasio na uwezo wa kuwalipa, na nieleze ni wakati gani hasa msaada huo unahitajika, maana mara nyingi hufika ukiwa umechelewa.

Sheria inampa mtu aliyeshindwa katika mahakama ya mwanzo siku 30 za kukata rufani mahakama ya wilaya, zikihesabiwa tangu hukumu ilipotolewa. Mjane mmoja alifika dirishani kwangu siku ya 47. Hukumu alikuwa ameikunja ndani ya daftari la shule la mjukuu wake, na daftari lenyewe amelitia kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Shauri lilikuwa la mirathi: shemeji yake, aliyeteuliwa kuwa msimamizi, aliihesabu nyumba ambayo mama huyo aliijenga pamoja na marehemu kuwa mali ya ukoo. Alikuwa akisubiri nakala ya hukumu, akiamini kwamba siku zinaanza kuhesabiwa atakapoipata. Nilijua kwamba angeweza kuomba kuongezewa muda, na kwamba maombi hayo huambatana na kiapo chenye sababu za kuridhisha, lakini karani hatakiwi kumshauri mdaawa, nami nikamwambia tu, "Mama, siku zimepita, mtafute mwanasheria." Alikaa kwenye benchi la nje mpaka tulipofunga ofisi. Sikumwona tena, na jambo hilo bado linaniuma.

Mshtakiwa wa kesi ya mauaji hupangiwa wakili na Serikali. Mjane mwenye shauri la nyumba hapangiwi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, nao wanafanya kazi kubwa vijijini, ila hawaruhusiwi kusimama mahakamani kumwakilisha mtu. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, naipongeza kwa dhati. Hata hivyo wataalamu wake hukaa siku chache kisha huhamia kwingine, ilhali hukumu hutolewa kila wiki. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na hapo kikwazo kikubwa kimeondoka, lakini mtu anaweza kuielewa hukumu yake yote asijue kwamba muda wa kuipinga unamtoka.

Ombi langu kwa Chama cha Mawakili Tanganyika ni kwamba kanda zake zipange zamu na mahakama za wilaya, ili walau alasiri moja kwa mwezi wakili akae hapo, hata kama ni chini ya mwembe, asome hukumu mpya na kumweleza mwenye shauri kama rufani yake ina mashiko. Kumwambia mtu kwamba haina nako ni msaada. Nimewaona watu waliouza mbuzi, na mmoja aliyeezua mabati ya jiko lake, ili kufuatilia mashauri ambayo wakili angewaambia kwa dakika kumi wayaache.

Najua kwamba mawakili, hasa vijana, wana kodi ya ofisi na ada za kila mwaka, na wengi wao wako Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Siwaombi wabebe kila kesi kuanzia mwanzo hadi mwisho bila malipo. Wakili aliye Dar es Salaam anaweza kupokea kwa simu picha ya hukumu kutoka kwa msaidizi wa kisheria aliyeko Kilosa, akaisoma na kuandaa sababu za rufani jioni hiyohiyo.

Mimi sasa nimestaafu na nina nafasi. Wakili atakayekubali kuja wilayani kwetu nitampangia foleni, na nitazikagua tarehe za hukumu kabla watu hawajaingia kwake, ili wale waliobakiwa na siku mbili au tatu watangulie.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Karani mstaafu,
Morogoro.